Bunduki ya babu ya mitutu miwili, imeandikwa W. RICHARDS: ni ya wapi na ina thamani gani?

Kijana wa Mufindi (mleta uzi)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Babu mzaa baba alitutoka mwaka jana. Juzi tumebomoa dari ya nyumba yake ili tubadilishe bati, tukakuta bunduki ya marisau imeviringishwa kwenye gunia. Mitutu miwili iko sambamba, nyundo mbili ziko nje, vifyatuo viwili. Ubavuni kumechongwa mbwa na ndege, na jina W. RICHARDS. Mitutu yenyewe ina mistari mistari, nikadhani ni kutu, kumbe ni pambo.

Bibi anasema babu aliachiwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya tumbaku Iringa alipokuwa anarudi kwao. Babu aliitumia kufukuza nguruwe shambani na kupiga kanga. Kitabu chake cha leseni tunacho, ila mchwa wamekula kurasa za mwisho.

Baba mdogo ameperuzi, akakuta Westley Richards ni kampuni kubwa ya Uingereza na bunduki zao zinauzwa maelfu ya pauni. Kuna mtu yuko Makambako anatoa milioni tatu taslimu, hataki maswali. Na baba mdogo ameshanunua msasa aing'arishe kwanza. Naomba ushauri.

Mtwa Mkuu
Mkuu, hiyo ni mali ya Mjerumani, usiiachie kwa milioni tatu! Angalia kwenye kitako, wengi walikuwa wanaficha ramani humo. Njoo inbox.

Mzee wa Marisau
Tumeanza. Kila kitu chenye kutu nchi hii ni cha Mjerumani na kina ramani ndani.

Kijana, kwanza mnyang'anye baba mdogo huo msasa. Anayenunua bunduki ya zamani analipia ule uso wa asili wa chuma na michoro yake. Ukishausugua haurudi, na bei inaondoka nao.

Pili, jina la ubavuni halithibitishi kitu. Westley Richards wapo Birmingham tangu 1812 na huwa wanaandika jina lao zima. "W. Richards" ni jina lililopigwa kwenye bunduki nyingi sana za bei nafuu zilizotengenezwa Liège, Ubelgiji, ili mnunuzi wa mbali aone Richards na kujaziliza mwenyewe. Ukweli uko chini ya mitutu, ule upande unaolala juu ya chuma ukifunga bunduki. Huko ndiko nyumba za majaribio, yaani ofisi zinazopima uimara wa mitutu, zinapiga mihuri yao. Ya Birmingham ina taji. Ya Liège ina herufi ELG ndani ya duara refu kama yai.

Wakili wa Kata
Kabla ya mihuri, naomba niwatishe kidogo. Leseni ya babu ilikuwa ya babu. Haikurithiwa pamoja na ng'ombe. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kukaa na silaha bila leseni yako mwenyewe ni kosa, na kesi za namna hii huingizwa kwenye uhujumu uchumi. Huyo wa Makambako asiyetaka maswali ndiye atakayewafikisha huko: siku akikamatwa nayo, ataulizwa kaitoa wapi.

Nendeni polisi leo, msiibebe. Mkatoe taarifa na kitabu cha babu na cheti cha kifo, wao waje kuichukua. Mdai hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha. Baada ya hapo familia ikae, iteue msimamizi wa mirathi, na anayeitaka aombe leseni kwa jina lake.

Mama Kilolo
Wakili kasema. Sisi tulipeleka ya marehemu kaka, tulipokelewa vizuri tu. Anayeenda kimya kimya ndiye anayepata shida.

Kijana wa Mufindi
Mrejesho wakuu. Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha polisi kata. Wamekuja nyumbani, wameichukua, hati tunayo. Mtunza silaha kituoni ni mtu mwelewa, aliifungua mbele yetu (haikuwa na risasi) akaturuhusu kupiga picha chini ya mitutu. Kuna ELG ndani ya yai, juu yake taji. Kuna 12 na C ndani ya umbo la almasi. Simba hayupo, nimetafuta maana niliona mtandaoni watu wanamtaja. Baba mdogo amenuna.

Mzee wa Marisau
Mpe pole. Ni ya Liège, bila ubishi. Taji juu ya ELG liliongezwa 1893, kwa hiyo haikupita hapo kabla ya mwaka huo. Hiyo 12 ni kipenyo: goroli kumi na mbili za madini ya risasi zinazoenea mtutuni zina uzito wa ratili moja. Na simba kukosekana ni jambo kubwa kuliko jina. Simba mwenye herufi PV ni muhuri wa kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Hiyo yenu ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu, si hiyo ya risasi za leo.

Ile mistari sasa. Mafundi wa bonde la Vesdre, jirani na Liège, walikuwa wakisokota vipande vya chuma laini na chuma kigumu, wakavizungusha kwenye fimbo kama ukili na kuvifua motoni mpaka vikashikana kuwa bomba. Kazi ya mikono kweli, hata Waingereza walikuwa wananunua mabomba kwao. Lakini kutu ikiingia kwenye maungio huioni kwa nje. Na chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, za enzi hizo mara nyingi zina urefu wa milimita 65, wakati risasi nyingi za dukani leo ni 70. Inaingia vizuri, ila ganda likifunguka halina nafasi na msukumo unapanda. Yeyote atakayepewa leseni asiipige.

Kijana wa Mufindi
Kwa hiyo bei?

Mzee wa Marisau
Kwenye minada ya Uingereza bunduki za daraja hili mara nyingi hazifiki hata pauni mia mbili, nyingine huuzwa kama pambo la ukutani. Kuisafirisha tu na vibali vyake kutakula zaidi. Hapa nyumbani anayeweza kuinunua kihalali ni mwenye kibali, na mwenye kibali anataka ya kuwindia, hii haiwindi.

Wakili wa Kata
Kama hakuna wa kuiombea leseni, muulizeni OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) utaratibu wa kuikabidhi makumbusho. Iringa Boma wapo karibu nanyi. Mwandikeni historia ya babu na yule Mgiriki iende nayo, bila hiyo ni chuma tu.

Kijana wa Mufindi
Bibi kakubali hilo la Boma, ila anataka jina la babu liandikwe pembeni. Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Baba mdogo anauliza kama duka litarudisha hela ya msasa.