Naomba ushauri: klasi ya Mgawanyo irithi klasi ya Mpangilio?

Mtafutajumla: Wakuu, habari za usiku. Naandika maktaba ndogo ya Python, lugha ya kuandikia programu, kwa tasnifu yangu. Nina klasi mbili, yaani violezo vya kuundia vitu kwenye msimbo: Mpangilio, yaani kuandika namba kama jumla ambayo 3+1 na 1+3 ni tofauti, na Mgawanyo, ambamo hizo ni kitu kimoja na kubwa hutangulia. Kila mgawanyo ni mpangilio, si ndiyo? Basi nirithishe, yaani Mgawanyo upokee methodi (kazi zilizoandikwa ndani ya klasi) zote za Mpangilio? Nawasilisha Jumatatu, usingizi umekata.

FundiMsimbo: Usirithishe. Chukua 2+2. Kama mgawanyo, ukipindua mchoro wake mistari iwe safuwima, unapata mwenza wake, 2+2 ileile. Kama mpangilio, mwenza wake ni 1+2+1. Methodi moja, majibu mawili.

BabaTasnifu: Mimi nilirithisha ngazi sita. Nikigusa ya juu, chini kunabomoka. Vijana mnakimbilia kibodi, anzeni na kalamu!

ShangaziKali: Kwetu shamba tu kurithi ni ugomvi, sembuse klasi 😂

FundiMsimbo: Mleta uzi, kuna jambo hujalisema. Nini kimeharibika?

Mtafutajumla: Migawanyo ya 10 ni 42. Mimi nikiikusanya kwenye seti, mkusanyiko usiorudia kitu, napata 43. Mpangilio unarithi orodha ya Python. Ila napata urefu na kupanga bure, na methodi 30 nimeshaandika.

Mpitanjia: Hii chai. Python haikubali orodha iingie kwenye seti, hata ukiirithi. Ingegoma hapohapo. Hiyo 43 umeitoa wapi?

ShangaziKali: Sukari iko wapi jamani?

Mtafutajumla: Si chai mkuu. Iligoma kweli, nikaiandikia heshi yangu mwenyewe, ile namba ambayo seti hutumia kutafutia kitu. Niliona aibu kusema.

FundiMsimbo: Ndiyo hiyo sasa. Orodha ukiigeuza inabadilika yenyewe. 9+1 iko ndani ya seti, mahali fulani umeigeuza imekuwa 1+9. Ikizalishwa 9+1 nyingine, seti haioni inayofanana nayo, inaipokea. 43. Hifadhi tupli, yaani orodha isiyobadilika, ndani ya klasi, usirithi orodha. Hata SageMath, programu ya hisabati, imetenga Partition, kitu kimoja, na Partitions, mkusanyiko wake. Na Partition hairithi Composition, yaani mpangilio.

Mpitanjia: Nafuta kauli, mkuu. Pole.

Mtafutajumla: Nimeweka tupli. 42! Methodi 11 zimevunjika, nazishona. Ila Mgawanyo utaendelea kurithi Mpangilio, msimamizi alishapitisha mchoro.

FundiMsimbo: Mwulize Mgawanyo wako mwenza wa 2+2.

Mtafutajumla: Umejibu 1+2+1.