PostgreSQL 13 imeisha muda: twende 17 au 18?

fundi_data: Wakuu, habari za kazi. Ofisini tuna hifadhidata ya PostgreSQL 13 kwenye seva ya Ubuntu 20.04, GB 200 hivi, pamoja na PostGIS, kiendelezi cha data za ramani. Bosi anasema kama inafanya kazi iachwe. Mimi nataka 18. Tusubiri? Mfumo tunaweza kuuzima Jumapili tu.

Kizibo: Mkuu, hoja ya bosi ilikufa Novemba 2025, 13 ilipopata toleo lake dogo (la marekebisho tu) la mwisho. Tundu la usalama likigunduliwa sasa, hakuna wa kuliziba. Ila toleo kubwa jipya usiliguse siku za mwanzo. Toleo 14 lilitoka Septemba 2021 na kasoro katika CREATE INDEX CONCURRENTLY, amri ya kutengeneza indeksi bila kuzuia kazi: indeksi iliweza kuharibika kimyakimya, na tiba ikaja na 14.4, Juni 2022. Toleo dogo nalo si salama kila mara. 17.1 iligombana na TimescaleDB, kiendelezi kingine cha PostgreSQL, wiki moja baadaye ikatoka 17.2. Matoleo madogo hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mimi husubiri angalau la pili, kisha nasoma maelezo yake kabla ya kupanga tarehe. 17 itahudumiwa hadi Novemba 2029, 18 hadi Novemba 2030.

mama_seva: Muda wa kuzima usiukisie. Rejesha bakapu kwenye mashine ya pembeni, fanya zoezi zima huku unatazama saa. `pg_upgrade` ndiyo zana ya kuhamia toleo kubwa, na `pg_upgrade --check`, ya kukagua tu, unaweza kuiendesha hata 13 ikiwa hewani. PostGIS ndiyo itakayokusumbua: isipokuwepo upande mpya, kazi inakwama na majina ya maktaba zinazokosekana utayakuta kwenye `loadable_libraries.txt`. Ukienda 18, `initdb`, amri inayoandaa hifadhidata mpya, huwasha checksum (alama za kugundua data iliyoharibika) yenyewe. Kama 13 yako haina, `pg_upgrade` inakataa. Tumia `--no-data-checksums` kwenye `initdb`.

`pg_upgrade` ukiipa `--link` hutumia mafaili yaleyale bila kuyanakili, humaliza kwa dakika chache, lakini ukishawasha seva mpya, ya zamani huwezi kuirudia. Bila `--link` unahitaji GB 200 nyingine za nafasi, na njia ya kurudi unabaki nayo. Mimi ningenunua diski.

Ukienda 17, takwimu za kipanga hoja, kinachochagua njia ya kutafuta data, hazihami. Endesha `vacuumdb --all --analyze-in-stages` kabla ya kufungulia watumiaji, la sivyo Jumatatu hoja zitatambaa. 18 huzihamisha nyingi, si zote. Na `pg_hba.conf`, faili la nani anaruhusiwa kuingia, uihamishe kwa mkono, `pg_upgrade` haiigusi.

fundi_data: Asante dada. Na Ubuntu je, niipandishe 24.04 siku hiyohiyo?

Kizibo: Hapana! Kitu kikiharibika hutajua mkosaji nani. Isitoshe glibc mpya, maktaba ya msingi ya Linux inayokuja na Ubuntu, inaweza kubadili mpangilio wa herufi, na indeksi za maandishi zikaanza kukosa safu zilizopo au kuruhusu marudio kwenye safuwima ya kipekee. Siku ya Ubuntu itenge peke yake, na uitengee muda wa REINDEX, yaani kujenga indeksi upya.