Pampu ya maji ya bahari inavuja: nibadilishe sili, ninunue pampu nzima, au nitafute za mtaani?

Mwana_Raskazone
Wakuu salaam. Mashua yangu ya tanga ya futi 28 imetia nanga hapa Raskazone. Injini ni dizeli ya silinda mbili, kongwe, na pampu inazungushwa na gia, si mkanda. Injini ikiwaka, pampu ya maji ya bahari, ile inayovuta maji ya kupoza injini, inadondosha tone baada ya tone. Maji yanaishia kwenye ngama, kule chini kabisa ya mashua, na chumvi imeshaganda kwenye oltaneta. Nawaza kuagiza pampu nzima, au seti ya sili (pete za mpira zinazobana shafti) na impela (gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji) tu, au niichomoe niipeleke Ngamiani wanitafutie sili za kufanana. Nataka nivuke kwenda Pemba kabla kusi haijakaza. Mwenye uzoefu?

Fundi_Ngamiani
Mkuu, maji yanatokea wapi hasa? Kama ni kwenye kifuniko, hiyo ni gasketi, kazi ya nusu saa. Kama ni kwenye kile kitundu chini ya pampu, kati ya kifuniko na injini, sili ya maji imekwisha. Ndani mna sili mbili, moja inazuia maji ya bahari, nyingine oili ya injini, na kitundu kiko katikati yao. Kikitoa maji, ya kwanza imekufa. Kikitoa oili, ni ya pili.

Mwana_Raskazone
Ni kitundu. Jirani yangu wa nangani anasema nikizibe kwa gundi ya chuma, nifike Pemba kwanza.

Bi_Nahodha
Huyo jirani ulimkosea nini? Kile kitundu ndicho kinachokuokoa, mwanangu. Ukikiziba, maji hayana pa kutokea, yatapenya sili ya pili yaingie kwenye oili. Utachomoa kijiti cha oili ukute rangi ya chai ya maziwa, na hapo hatuzungumzi tena habari ya pampu. Mimi yalinipata bila gundi. Chumvi na grisi vilikiziba chenyewe, nikaona matone yamekoma nikafurahi. Furaha ya siku tatu. Siku hizi kila mwezi napitisha waya mwembamba.

Nahodha_Sahare
Mimi nilinunua pampu mpya. Unapata shafti mpya, beringi mpya, unafunga boliti unaondoka. Lakini bei niliposikia nilikaa chini, halafu kungoja mzigo na ushuru! Tanga waja leo, spea haziji leo. Ile ya zamani niliifufua baadaye kwa seti ya sili, ndiyo akiba yangu mpaka kesho. Ningejua ningeanza na hiyo.

Fundi_Ngamiani
Seti inafaa ikiwa shafti ni nzima. Ukishafungua, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapolalia. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile, utakuja hapa kulaumu duka. Nafasi ikiwepo, sukuma sili mpya ndani au nje kidogo ili ilalie sehemu isiyoliwa. La sivyo kuna bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, ukuta wake kama milimita 0.28, inavalishwa juu ya shafti. Au ikerezwe shafti mpya, ila sisitiza chuma cha 316. Ukiwaachia wachague wenyewe watakupa nondo.

Sili za mtaani zipo, vipimo vimeandikwa usoni: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Tatizo ni springi iliyo nyuma ya mdomo. Sili nyingi za magari na pikipiki zina springi ya chuma cha kawaida. Maji ya chumvi yanaila, mdomo unalegea, unarudi mwanzo.

Bi_Nahodha
Na kabla hujagusa boliti funga koki ya maji ya bahari, usije ukafua maji usiku kucha. Impela ipake sabuni ya vyombo, siyo grisi, inaharibu mpira. Hesabu mabawa ya ile ya zamani. Likipungua moja, litafute kwenye mipira na kipoza maji, limekwama huko. Gasketi iwe ya unene uleule. Ukiwasha, kimbilia ekzosi: maji yasipotoka upesi, zima, maana impela ikizunguka kavu haichukui muda kuungua.

Mwana_Raskazone
Nimefungua leo maji yakiwa mafu. Ukucha umekwama, tena mfereji wa kuonekana kwa macho. Bawa moja halipo, nimelikuta kwenye kiwiko cha mpira. Nimeagiza seti pamoja na bushi. Ngamiani nilipata sili ya kipimo kilekile, ila springi yake ilikuwa na kutu ikiwa bado kwenye mfuko wake, nikaiacha. Pampu nimeirudisha kwa muda ili niweze kusogea nangani, kitundu kiko wazi, nimening'iniza kopo chini yake na oltaneta nimeivisha nailoni.

Nahodha_Sahare
Nailoni uitoe kabla ya kuwasha. Na kopo usilisahau, mimi lilinifurikia.

Mwana_Raskazone
Limeshafurika.