Mzigo wa Krismasi umenifikia Kigoma Januari kwa sababu mtu alijaza namba moja ya ushuru kwa katoni 41

Wakuu, salaam. Leo ni tarehe 9 Januari. Ndani ya chumba nilichokodi hapa Mwanga, Kigoma, miti ya Krismasi imelala mmoja juu ya mwingine mpaka imekaribia dari. Katoni 41, hata moja sijauza. Nimenyamaza siku nne tangu lori lishushe kwa sababu nilijua nikiandika siku ile nitatukana watu. Leo naandika, na hasira bado ninayo.

Mimi nauza mapambo. Desemba ni Krismasi, Ramadhani na Idi wateja wangu ni wa Ujiji, katikati hapo ni harusi na kipaimara. Mwaka jana nilichukua akiba yangu, nikaongeza mkopo wa kikundi, nikaagiza Yiwu, China, mzigo ukaja kwenye kontena la kuchangia. Miti ya plastiki katoni 9. Mipira na kamba za kung'aa katoni 14. Taa za nyuzi katoni 7. Vikombe vya kauri vyenye picha ya Baba Krismasi katoni 6. Na katoni 5 za mabango ya Idi pamoja na taa za karatasi zenye mwezi na nyota, hizo nilizitanguliza kabisa ili Ramadhani isinikute mkono mtupu.

Kontena lilishuka Dar wiki ya kwanza ya Novemba. Kwa hesabu yangu, tarehe 25 Novemba mzigo uwe dukani.

Wakala wa forodha nilimtumia orodha ya mizigo yenye mistari mitano, kila aina na idadi yake na bei yake. Yeye akaandika kadhia, yaani tangazo la mzigo kwa forodha, ya mstari mmoja: "mapambo mchanganyiko", namba ya ushuru 9505.10.00. Basi! Nilipokuja kumuuliza kwa nini, akanijibu, "Dada, mistari ikiwa mingi maswali yanakuwa mengi."

Sasa nieleze kidogo, maana kuna wenzangu humu wanaagiza na hawajui kwamba wanaweza kuangukia shimo hilihili. Namba ya HS, yaani ya mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru, haiangalii unakwenda kuuza kitu sikukuu gani tu. Kichwa 9505 ni cha vitu vya sherehe na burudani, na 9505.10 ni vya Krismasi. Mti bandia unaingia hapo, mipira inaingia hapo. Lakini maelezo ya mwanzo wa Sura ya 95 yenyewe yanataja vitu vinavyotolewa nje. Taa za umeme za kupamba, za aina yoyote, zinakwenda 9405, na tangu toleo la 2022 za LED za mti wa Krismasi zina namba yao, 9405.31. Mishumaa ya mti wa Krismasi inakwenda 3406. Na vyombo vya mezani, mashuka, vitambaa vya meza na nguo zenye matumizi ya kawaida vinahesabiwa kwa malighafi iliyovitengeneza, hata ukivichora Baba Krismasi mbele na nyuma. Kikombe kinabaki kikombe.

Hilo la vikombe halikuanza kwetu. Marekani walishapelekana mahakamani juu yake, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa kwenye kesi ya Midwest of Cannon Falls ikaona bidhaa kadhaa za namna hii ni vitu vya sikukuu. Baadaye toleo la HS la 2007 likaandika waziwazi kwamba chombo chenye matumizi ya kawaida hakimo. Kwa hiyo vikombe vyangu vya kauri nakubali, vilipie asilimia 35 kama sheria inavyosema. Sigombani na hilo hata dakika moja.

Ninachogombania ni kilichofuata. Tarehe 26 Novemba mzigo ukaitwa kukaguliwa. Nilikuwa nimeshapanda basi kutoka Kigoma, nikawepo bandari kavu kwa macho yangu. Afisa akachana gamtepu ya katoni iliyokuwa juu. Kwa bahati mbaya ilikuwa ya vikombe. Akatoa kimoja, akakigeuza chini juu, akagonga kitako chake kwa kalamu, akasema, "Hii kauri hii. Mmetangaza mapambo." Akaandika. Katoni ya pili vikombe, ya tatu vikombe. Ya nne ilikuwa mabango ya Idi, akasema haya ni karatasi zilizochapwa, hayana uhusiano na sherehe. Miti haikufunguliwa! Katoni ndefu kama jeneza, pembeni zina picha ya mti, zimesimama pale pale ukutani, hakuna aliyezigusa. Wakala wangu niliyemlipa alikuwa anaangalia simu.

Tarehe 12 Desemba makadirio ya ushuru yakatoka: mstari mmoja, namba ya vyombo vya kauri, mzigo wote. Miti ya plastiki kauri. Taa za umeme kauri. Kamba za kung'aa kauri!

Kanuni za HS za kupanga bidhaa ziko sita tu na ya kwanza haina fumbo: unaanza na maneno ya kichwa chenyewe na maelezo ya sura. Ile habari ya kutazama kitu kipi kinaupa mzigo sura yake inahusu kitu kimoja cha mchanganyiko au seti iliyofungwa pamoja kuuzwa rejareja. Katoni 41 za vitu vitano tofauti si seti. Kila kitu kina namba yake.

Na msinieleze kwamba tofauti ni ndogo. Chukua mzigo wa milioni 10, nauli na bima zikiwa ndani. Kwa ushuru wa mapambo wa asilimia 25 unalipa milioni 2.5, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 12.5, inakuwa milioni 2.25. Jumla milioni 4.75. Kwa asilimia 35 ya vyombo vya kauri ushuru ni milioni 3.5, VAT inapigwa juu ya milioni 13.5, inakuwa 2,430,000. Jumla 5,930,000. Tofauti ni 1,180,000 kwa kila milioni 10, na hapo sijaweka tozo nyingine wala gharama za kulala bandari kavu, ambazo zilikuwa zinahesabu kila asubuhi.

Nikakopa tena. Nikalipa tarehe 22. Mzigo ukatoka tarehe 29, ukafika hapa tarehe 5. Kanisa moja hapa mjini lilikuwa limelipia nusu ya mti wa futi nane, nimewarudishia pesa yao mkononi na mzee wa kanisa akanipa pole. Mwalimu wa Kasulu naye nimemrudishia. Wateja wa kutoka Kongo wanaoshukia Kibirizi walinunua kwingine, siwalaumu.

Kilichoniuma zaidi nimekijua nikiwa nimeshalipa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229: ukiona uamuzi hauko sawa unaomba mapitio kwa Kamishna wa forodha ndani ya siku 30, naye anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30 kwa maandishi na kutaja sababu. Asipojibu, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Kifungu hichohicho kinasema wakati unasubiri, unaweza kuomba mzigo uachiwe kwa kulipa walichokadiria au kuweka dhamana ya kutosha. Dhamana! Tarehe 13 Desemba ningeweza kuomba dhamana, miti ikapakiwa, tukabishana namba Januari. Na kuna kifungu cha 248A cha kuomba uamuzi wa namba kabla hujaagiza chochote. Wakala mwenye leseni, anayefanya kazi hii kila siku, hakunitajia hata kimoja. Nilipompigia akasema, "Ungeuliza." Nikuulize nini wakati nimekulipa wewe ndiye ujue?

Nanyi mnaokadiria, mapambo ya sikukuu si mabati. Mabati yakichelewa mwezi unauza mwezi ujao. Mti wa Krismasi ukichelewa siku kumi unasubiri mwaka mzima, na riba ya kikundi haisubiri. Fungueni katoni zote au mseme hamkufungua.

Ombi la mapitio nililiwasilisha jana tarehe 8, zikiwa zimebaki siku tatu. Nimeambatanisha orodha ya mistari mitano, ankara, na picha za kila katoni ikiwa wazi. Vikombe nimewaachia kwenye 35. Nadai vilivyobaki vipangwe kimoja kimoja, na mabango ya Idi yaende 9505.90, ya sherehe nyingine, maana sikukuu si Krismasi peke yake.

Kama kuna mtu humu ameshapata uamuzi wa maandishi juu ya mapambo ya Idi au Ramadhani, naomba aweke hapa namba ya kichwa walichompa. Na kama yupo Kigoma au Tabora mwenye chumba kikavu cha bei nafuu aniambie, hiki nilichokodi kinavuja upande wa miti na mvua bado zipo.