Mkalimani wa alama peke yake anatosha kwenye taarifa ya habari?

Wa Pasua, Moshi: Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, naleta hoja. Mkalimani wa lugha ya alama aliyeko kwenye kona ya skrini hatoshi. Vituo vya televisheni vilazimishwe kuweka na maandishi chini ya picha, tuanze na taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Nawawazia zaidi wazee. Mtu amesikia vizuri hadi utu uzima, kisha masikio yakafifia kwa umri au kwa kelele za mashine ya mbao. Lugha ya Alama ya Tanzania haijui kabisa, ila Kiswahili anasoma bila shida. Mikono ya mkalimani haimwambii kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu, na wengi wao hawakuzaliwa nao. Tena matangazo ya kidijitali yanaweza kubeba maandishi kando ya picha: anayeyataka anayawasha kwa rimoti, asiyeyataka hasumbuliwi.

Wa Sakina, Arusha: Hapa nakupinga, mkuu. Nafundisha watoto viziwi. Lugha yao ni ya alama, yenye sarufi yake, na Kiswahili wanajifunza kukisoma bila kuwahi kukisikia. Mtoto wa darasa la nne mistari inampita kabla hajamaliza neno la tatu. Na ukishadai maandishi, mwenye kituo atasema ameshatimiza wajibu, mkalimani anayelipwa kila siku ataondolewa. Tupiganie kwanza kona iwe kubwa! Kwenye runinga ndogo vidole havionekani, na mara nyingine ule mstari wa matangazo unapita juu ya mikono yake.

Wa Ngarenaro, Arusha: Pesa je? Si kompyuta igeuze tu sauti kuwa maandishi?

Wa Pasua, Moshi: Kompyuta inaharibu majina na tarakimu. Ikikosea jina la kata yenye mafuriko, umempoteza mtu. Lazima mhariri apitie. Lakini kwa habari hatuihitaji sana, maana msomaji anasoma maneno yaliyokwisha kuandikwa. Kazi ni kuyafikisha kwa mtazamaji. Mahojiano ya moja kwa moja ndiyo magumu, hayo yafuate baadaye.

Na tusisubiri hiari. Marekani walianza maandishi ya kuwasha na kuzima mwaka 1980, kwa kisanduku ambacho mtu alijinunulia mwenyewe. Ikabidi sheria ya 1990 iamuru kwamba kuanzia Julai 1993 kila televisheni mpya ya inchi 13 au zaidi iwe na kifaa hicho ndani. Sisi tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Msingi upo.

Mwalimu, hofu yako ya mkalimani kuondolewa ni ya haki. Basi kanuni itaje vyote viwili, kituo kisiruhusiwe kuchagua.

Wa Sakina, Arusha: Ikiandikwa hivyo naiunga mkono, na ukubwa wa kona utajwe kwa vipimo. Lakini kama mwaka huu pesa inatosha kimoja tu, mimi nabaki na mkalimani. Mzee wako anaweza kusoma gazeti. Mwanafunzi wangu habari ataipata wapi?