Siku moja tu mbugani na watoto pamoja na bibi yao, tuipangeje?

Habari zenu wakuu, naombeni mwongozo. Mwezi ujao nataka kuipeleka familia hifadhini, kuingia asubuhi na kutoka jioni, hakuna kulala. Tuko sita, mimi na mama watoto, watoto watatu (mkubwa 12, wa mwisho 4) na mama yangu mzazi ambaye mgongo unamsumbua ila ndo mwenye hamu kuliko wote, tembo anawaonaga kwenye TV tu. Nimeangalia ramani naona bwawa la viboko upande huu, uwanda wa nyasi upande ule, na kuna kilima watu wanasifia sana mandhari yake, nataka vyote lakini naogopa tutashinda tunatimua vumbi. Halafu mtoto wa kati kanibana anataka simba, sipendi kumuahidi asimuone. Mliowahi kwenda mlifanyaje?

Dereva wa Pori:
Mkuu, kazi yangu ni kuzungusha wageni porini, nakushauri geti lifunguliwe nyie mko hapo. Simba anaweza kupumzika hata masaa 20 kwa siku, jua likishapanda anajilaza kwenye kivuli nyasi zimemfunika na unampita hivihivi. Na usimtafute yeye, tafuta wanaomuona kabla yako. Ukikuta swala pala wamesimama wote wametega masikio upande mmoja na wanatoa mlio kama chafya, zima gari hapohapo msubiri. Nyani wakibweka juu ya mti ni hivyohivyo. Bwawani nendeni mchana wa jua kali, viboko saa hizo wako majini kwa sababu ngozi yao haihimili jua, majani wanatoka kula usiku.

Kuhusu tembo, mwambie mama kundi linaongozwa na jike mzee, yaani mara nyingi ni bibi wa hao wadogo atakaowaona. Ila tembo akitanua masikio akanyanyua kichwa anawatazama nyie, rudini nyuma taratibu. Na dume ukimuona ana majimaji yanatiririka kati ya jicho na sikio usimsogelee kabisa, yuko kwenye kipindi cha kutafuta majike na hasira ziko karibu.

Mama Pacha:
Kaka, bibi akae mbele au katikati, kule nyuma juu ya tairi ndo kunarusha, mgongo utamuuma hata kabla ya bwawa. Watoto wasivae nguo za bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata sana. Kuchimba dawa mmalizie getini maana huwezi kushuka popote unapotaka, mwulizeni dereva mapema sehemu zilizoruhusiwa ziko wapi. Wangu niliwapa kila mmoja kazi yake, mdogo anahesabu ngiri (akikimbia mkia unasimama wima, alifurahi siku nzima), mkubwa anachora mistari ya pundamilia, hakuna wawili wanaofanana.

Kichuguu:
Mimi naomba upunguze kitu kimoja mkuu, tena ikibidi uache uwanda na sio kilima. Sisi tulienda siku nzima tunakimbilia simba, madereva wanaitana kwenye redio, tunafika tunakuta magari yamemzunguka, simba akainuka akaondoka na binti yangu akaniuliza baba kwanini tumemfukuza. Sikuwa na jibu na mpaka leo linaniuma. Jioni tukapanda kilimani tukazima injini, tembo wako mbali kule chini mgungani wanavuka kimyakimya, mwanga umelala kwenye nyasi, hakuna aliyeongea hata yule mdogo. Kilima msikifanye cha kupitia mkiwa mnakimbizana na muda wa geti, kipeni saa nzima.

Muuliza swali:
Asanteni sana, nimemsomea mama yote, hiyo ya jike mzee kaniambia nirudie mara mbili. Basi asubuhi tunazunguka taratibu, mchana bwawani, jioni kilimani, uwanda tunauacha. Simba nimemwambia mtoto tutamsubiri, akija akija. Moja la mwisho, huyu wa miaka 4 anaweza kusimama paa likiwa limefunguliwa?

Dereva wa Pori:
Gari likiwa limesimama tu na wewe umemshika kiunoni. Likianza kutembea akae, hata kama ni mita mbili.