Naomba ushauri: kujiandaa kumeza kidonge chenye kamera

Mwenyeji wa Chikongola: Ndugu zangu, damu yangu hupungua kila mara, nimeingizwa mpira wenye kamera kwa juu na kwa chini bila chanzo kuonekana, na sasa nimeelekezwa Dar es Salaam nikameze kidonge kitakachopiga picha utumbo mwembamba. Nimeambiwa nisile chochote tangu usiku. Je, nikikimeza asubuhi, naweza kupanda basi siku hiyohiyo kurudi Mtwara?

Binti wa Mikindani: Pole sana kaka. Umepima choo? Mdogo wangu aliongezewa damu mara kwa mara, kumbe ni safura aliyoipata kwa kutembea peku shambani. Tuvae viatu jamani, hata kama ni shamba la nyumbani.

Mwenyeji wa Chikongola: Ahsante dada, nilipima, haikuonekana. Swali langu ni la safari.

Muuguzi Mstaafu, Lindi: Mwanangu, kidonge hicho kina urefu wa milimita 26 hivi, na kwa muda wa saa 8 au zaidi hutuma picha kwenye kifaa utakachofungwa kiunoni, ambacho ni lazima ukirudishe hospitalini, kwa hiyo lala hukohuko. Vidonge vya kuongeza damu waulize uviache lini, maana huufanya utumbo kuwa mweusi na picha zisisomeke. Je, umewahi kupasuliwa tumbo?

Mkulima wa Tandahimba: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Mgonjwa aliyeishiwa damu hawezi kutanguliza habari za basi, na kamera ya kumezwa kama dawa ya malaria sijapata kuisikia. Huenda ni tangazo la hospitali.

Muuguzi Mstaafu, Lindi: Kipimo hiki kipo, na Marekani walikiidhinisha tangu mwaka 2001. Ila mwenye uzi hajanijibu.

Mwenyeji wa Chikongola: Sijataja hospitali yoyote, sasa natangaza nini? Ndiyo, mama, nilipasuliwa utumbo ulipojisokota, na kovu linaanzia juu ya kitovu hadi chini yake. Nikila makopa tumbo hujaa, hukata, na mara nyingine natapika. Kwenye fomu niliandika kwamba sijawahi kupasuliwa, kwa sababu pesa za korosho nimekwisha kuzilipa na sikutaka waniahirishe. Operesheni yenyewe ni ya zamani.

Muuguzi Mstaafu, Lindi: Uzamani wake hausaidii kitu, mwanangu. Palipopasuliwa utumbo unaweza kushikamana au kuwa mwembamba, kidonge kikakwama, na pengine ukarudi kupasuliwa ili kitolewe. Dalili unazozitaja zinanitia hofu zaidi ya kovu. Kipo kidonge cha majaribio kisicho na kamera, ambacho kikikwama huyeyuka chenyewe. Daktari anaweza kuanza nacho au akachagua kipimo kingine. Mpigie kesho asubuhi. Na ukija kukimeza chenye kamera, usiingie kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za mwili kwa sumaku, mpaka ithibitike kwamba kimetoka.

Mkulima wa Tandahimba: Kama kovu lipo, naliondoa neno langu. Pesa za korosho zinauma, lakini sahihisha hiyo fomu, ndugu yangu.

Mwenyeji wa Chikongola: Nitapiga simu. Hicho cha majaribio kina gharama yake tena? Nimebakiwa na gunia moja tu.

Muuguzi Mstaafu, Lindi: Bei watakuambia wao. Anza kwa kuwaeleza upasuaji na hayo matapishi, ndipo uulize bei.